Jina Chini ya Ukurasa

Mwanamke niliyemchukia kuliko wote duniani sikuwahi kukutana naye uso kwa uso. Nilimjua kwa jina tu, nalo lilikuwa chini ya kila ukurasa wa tovuti ya mume wangu, kwa maandishi madogo yaliyojikalia pale kama yamelipiwa kodi: Imeandikwa na Mama Bobini.

Mume wangu ni fundi wa cherehani. Ana duka lenye chumba cha mbele cha kuuzia na chumba cha nyuma cha kutengenezea, na watu wote, mimi nikiwemo, tunamwita Fundi. Tunauza vipuri: sindano, bobini za kuzungushia uzi wa chini, mikanda, pedali, mafuta, na vile vidude vidogo vya chuma ambavyo kimoja kikidondoka chini ya meza siku yako imekwisha. Wateja wengi hawafiki dukani. Wanaagiza kupitia tovuti, na kabla ya kuagiza wanasoma maelezo: kwa nini mashine inaruka mishono, kwa nini uzi unakatika, mkanda upi unafaa cherehani ipi. Maelezo hayo ndiyo yaliyolipatia duka letu jina, na aliyeyaandika alikuwa Mama Bobini, mke wa kwanza wa Fundi, aliyefungasha virago akaenda kufungua duka lake la nguo mji mwingine kabla mimi sijamfahamu Fundi.

Hawakuzaa pamoja, hawakugombania kitu, na hawapigiani simu. Mtu mwenye akili timamu angeniambia sina cha kuonea wivu. Lakini hebu soma mwenyewe. "Dada yangu, sindano ikivunjika usiitukane cherehani. Imechoka kama wewe. Izime, kunywa maji, kisha rudini mzungumze taratibu." Watu walikuwa wanasoma hayo wakicheka peke yao, na chini yake wanaandika: Mama Bobini, Mungu akuweke. Mama Bobini, umenizuia nisiitupe mashine ya marehemu mama yangu. Mama Bobini hivi, Mama Bobini vile. Mimi ninayepokea simu, ninayefunga vifurushi, ninayezozana na watu wa kusafirisha mizigo, hakuna aliyewahi kuandika hata herufi ya kwanza ya jina langu. Nilizisoma kurasa zile mara moja, wiki niliyoolewa, nikaapa sitazisoma tena. Na mimi nikiapa nimeapa.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba kazi yangu mimi ni hiyo hiyo ya tovuti. Nina meza yangu pembeni mwa chumba cha mbele, na hapo natengeneza na kutunza tovuti za watu: zahanati, shule, muuza vigae. Za kwao zinafunguka chapuchapu. Ya mume wangu ilikuwa inajikokota kama mgonjwa, na kila niliposema niishike alinijibu kwa maneno yake matatu, "Iache kama ilivyo." Nikaelewa nilivyoelewa. Hakutaka niguse vitu vya mwenzangu.

Asubuhi moja wifi yangu, dada yake Fundi, mshonaji wa sare za shule, aliingia dukani ameshika simu mbele yake kama mtu anayekwenda kurudisha kitu kibovu alichouziwa.

"Wifi, hii tovuti yenu imelala au imekufa?"

"Imefanyaje?"

"Inazunguka. Nimeifungua nikiwa nyumbani, nimeoga, nimevaa, nimekunywa chai, nimefika hapa, bado inazunguka."

"Si umeshafika? Nunua hapa hapa."

"Mimi nimefika kwa sababu nakaa jirani. Wa mbali je? Kwenye kundi letu la washonaji, wenzangu wameanza kuagiza kwingine. Enzi za Mama Bobini haikuwa hivi."

Hakusema kwa ubaya. Wifi yangu ni mtu wa kusema kitu kikimjia, na baada ya hapo hakumbuki. Mimi nilikumbuka kwa niaba yake. Nilimfungia kwa nguvu mkanda alionunua hadi mfuko ukachanika, nikachukua mwingine, nikamfungia tena, nikatabasamu kwa meno. Alipotoka nikaenda chumba cha nyuma. Fundi alikuwa ameinamia mashine, bisibisi mdomoni.

"Umemsikia dada yako?"

"Mm."

"Shule zinakaribia kufunguliwa. Washonaji wakihama msimu huu hatuwapati tena. Duka hili linakula kwa msimu huu."

"Mm."

"Niisafishe?"

Alitoa bisibisi mdomoni, akaifuta kwa kitambaa, akaitazama kana kwamba ndiyo iliyoulizwa swali. "Safisha. Ila maneno ya kwenye kurasa usiyaguse."

"Ya mkeo?"

"Ya duka."

"Naingiaje?"

"Akaunti ni ile moja. Mama Bobini. Paswedi, bobini."

Nikamwuliza kama ni kweli miaka yote hiyo duka zima linaingia kwa jina la mtu ambaye hayupo. Akasema haijaleta shida. Huyo ndiye mume wangu. Kitu kikizunguka, hakifungui kuona kinazungushwa na nini.

Basi nikaketi mezani kwangu, nikaandika jina la yule mwanamke kwa vidole vyangu mwenyewe, nikaingia.

Wanaotumia tovuti huona kurasa tu. Nyuma ya kurasa kuna hifadhidata, ambayo ni stoo: kila neno, kila picha, kila mteja na kila agizo limewekwa kwenye rafu yake, na ukibofya ukurasa kuna kitu kinakwenda mbio stoo kukuletea. Stoo ikijaa takataka, anayetumwa anajikwaa. Kusafisha stoo ya namna hiyo ni kazi niipendayo kupita zote. Kwanza unatengeneza nakala ya kila kitu na kuiweka mbali, maana ukifuta kwa hasira hakuna wa kukurudishia. Kisha unakunja mikono.

Nilifuta maoni ya takataka, yale ya kuuza dawa za kuotesha nywele na ahadi za utajiri wa haraka, yaliyokuwa yamejibanza humo kwa maelfu. Nikafuta vikapu vya watu walioweka sindano moja, wakaghairi, wakaenda zao. Nikafuta picha za bidhaa tulizoacha kuuza. Nikang'oa majedwali yaliyoachwa na programu ambazo zilishaondolewa zamani, kama misumari ya picha ambayo haipo tena ukutani. Siku nzima nilikuwa na furaha ya mtu anayefagia nyumba ya adui yake. Kila nilipobofya Futa nilisema moyoni, toka na wewe, toka na wewe.

Jioni nikaifungua tovuti kuijaribu. Ilikuwa nafuu, lakini bado iliburuta mguu. Nikarudi stoo kesho yake kuuliza ni rafu ipi iliyobaki nzito, na jibu likanishangaza. Ilikuwa rafu ya matoleo.

Ukiandika ukurasa na kubofya Hifadhi, mfumo huweka nakala ya ukurasa ulivyokuwa, ukikosea uweze kurudi nyuma. Hiyo nakala huitwa toleo. Mtu wa kawaida huacha matoleo matano, kumi. Ukurasa mmoja wa sindano, ambao ukiuchapa haujazi karatasi, ulikuwa na mamia. Wa bobini mamia. Wa mkanda ndiyo usiseme. Mwandishi alikuwa anahifadhi kila baada ya neno moja au mawili, kama mtu anayekaza skrubu robo mzunguko, anajaribu, anakaza tena. Mfumo ukaendelea kuyabeba yote mgongoni, na tovuti ikazidi kupinda.

Nikayapanga kwa tarehe, nijue ya zamani niyafute kwanza. Hapo ndipo nilipoacha kubofya. Kurasa zenyewe hazionyeshi tarehe kwa msomaji, na mimi kwa kiapo changu nilikuwa sijazifungua, kwa hiyo sikujua. Ya zamani yalikuwa machache. Mengi yaliandikwa baada ya Mama Bobini kuondoka. Mengi zaidi yaliandikwa baada ya mimi kuolewa. La mwisho lilikuwa la wiki ile iliyopita, mchana, saa ambayo mimi nilikuwa nimeketi pale pale mezani kwangu nafunga vifurushi vya wateja wake.

Kwa hiyo huyu mwanamke hakuondoka. Alibeba nguo zake tu. Kila siku alikuwa anafungua mlango wa duka letu huko huko aliko, anaingia, anaketi, anaandika maneno yake ya asali, anahifadhi, anatoka. Na mume wangu anajua. Ndiyo maana ya "iache kama ilivyo." Ndiyo maana ya "maneno usiyaguse." Kwangu mimi ni mm na sawa, kumbe kuna mahali wanakutana.

Nilitaka kwenda chumba cha nyuma nikapindue meza na mashine zake zote. Nikajikaza. Nikafanya kitu kimoja kidogo cha kitaalamu: nikabadilisha paswedi. Nikaweka neno ambalo Mama Bobini hatalikisia hata akiota, nikafunga, nikakaa chonjo. Nilisema, mwache aje agonge. Atakapokuta mlango umefungwa atapiga simu, na simu ikilia nitaipokea mimi.

Mchana wa siku iliyofuata duka lilikuwa kimya. Simu haikulia. Kutoka chumba cha nyuma, ambako kuna kompyuta ya zamani kwenye kona ya meza ya kazi, nilisikia vidole vikigonga herufi. Kimya. Vikagonga tena. Kimya. Halafu Fundi akafyonza, na yeye si mtu wa kufyonza. Akatokea mlangoni, mikono ina mafuta hadi kiwikoni isipokuwa ncha za vidole viwili.

"Hii kitu imenikataa," akasema.

"Kitu gani?"

"Tovuti. Inasema paswedi siyo."

"Wewe ulikuwa unataka nini humo?"

Akatazama chini. "Kuna ukurasa wa mafuta. Sijaumaliza."

Nilimwangalia mume wangu kama mtu niliyemkuta amevaa nguo ya mtu mwingine. Siku zote nilisikia vidole vyake vikigonga kule nyuma, nikidhani anaandika vipuri vilivyoingia na vilivyotoka.

"Nani anaandika zile kurasa, Fundi?"

"Mimi."

"Zote?"

"Za mwanzo aliandika yeye. Chache. Fupi. 'Sindano nene kwa jinzi, nyembamba kwa hariri.' Basi."

"Na hizi za 'dada yangu, usiitukane cherehani'?"

"Mimi."

Wifi angenikuta nimesimama vile angedhani nimepewa habari za msiba. Huyu ni mtu aliyeniposa kwa maneno manne, na moja kati ya hayo lilikuwa "basi". Nilipokuja kwake mara ya kwanza kutengenezewa cherehani ya mama yangu, nilikaa pale hadi kazi ikaisha na hakuniuliza hata ninatoka wapi. Nilimpenda kwa ukimya huo. Nilijiambia, afadhali domo zege kuliko mwenye ulimi wa kuwagawia wote. Kumbe ulimi ulikuwepo.

"Kwa nini kwa jina lake?"

"Alipoondoka, mteja aliuliza swali. Alimwuliza yeye. Kwa jina. Nikaona nikijibu mimi atakata tamaa, kwa hiyo nikajibu kama yeye." Alijifuta mikono, akajifuta tena palipokuwa safi. "Maneno yakatoka. Sikujua kama ninayo. Nikijiweka mimi hayatoki. Naandika 'badilisha sindano', nimemaliza."

"Wateja wote hao wanaambiwa dada yangu, mwenzangu, usilie, pumzika. Mimi niko nawe nyumba moja, naambiwa mm."

"Wewe upo," akasema.

"Nipo wapi?"

"Hapa. Unaona." Akaonyesha duka kwa ule mkono wenye mafuta: meza yangu, kiti changu, kabati ya vioo, yeye mwenyewe. "Unaona."

Nilichokuwa naona miaka yote hiyo ni mgongo. Sikumwambia. Nilimpa mgongo na mimi, nikaketi, nikageukia kioo cha kompyuta, na yeye akarudi kwa mashine zake.

Kazi ilikuwa haijaisha na msimu haungoji watu wapatane. Yale matoleo ilikuwa lazima yafutwe, na mtu mwenye busara angeyafuta yote kwa amri moja bila kuyasoma. Nikayasoma. Niliacha kazi za zahanati na za muuza vigae, nikasoma mume wangu akitafuta neno. "Usiilazimishe." Akahifadhi. "Usiilazimishe mashine." Akahifadhi. "Usiilazimishe, mpenzi." Akahifadhi, na dakika chache baadaye akalitoa hilo mpenzi, akaweka dada, akalitoa dada, akaweka mwenzangu. Niliuonea wivu ule ukurasa. Niliwaonea wivu washonaji nisiowajua, wasioona tundu la sindano, wenye uzi uliojisokota, wanawake walioletewa neno ambalo mtu ametoka jasho kulipata.

Nikafika ukurasa wa uzi unaokatika. Nilipoona tarehe zake niliijua wiki ile vizuri sana. Tulikuwa tumegombana, kwa jambo la kipuuzi, nani aliacha mlango wa nyuma wazi, na siku kadhaa hatukusemeshana. Alikuwa anakula akiangalia sahani. Na hapo mbele yangu palikuwa na mchana wa kila siku ya wiki ile, neno kwa neno. "Uzi ukikatika mara kwa mara usiseme ni uzi mbaya. Huenda ni wewe uliyeukaza. Legeza kidogo. Rudi ulipoachia. Aliyekosea ndiye aanze." Maneno "aliyekosea ndiye aanze" aliyaweka, akayatoa, akayaweka, akayatoa, na mwisho akayaacha.

Kwa hiyo samahani yangu ipo. Iliandikwa, ikasahihishwa, ikatumwa kwa washonaji wa nchi nzima, wakamshukuru Mama Bobini. Mimi mwenyewe niliyegombana naye ndiye niliyekosa nakala.

Niliinuka nikaenda nyuma. "Lile jina nataka litoke."

Hakuuliza jina gani. "Wateja watachanganyikiwa."

"Wachanganyikiwe."

"Basi weka lako."

Nilitamani kukubali, sitasema uongo. Ndicho nilichokitaka tangu siku ya kwanza, jina langu chini ya ukurasa, watu waniandikie Mungu akuweke. Ilikuwa ni kubofya tu. Lakini niliyafikiria yale maneno, nikaona nikiyavaa yatanibana mabegani.

"Nisifiwe kwa maneno ambayo mwenyewe sijaambiwa?" nikamwuliza. "Hapana. Aliyeandika ajulikane. Nakufungulia akaunti yako."

"Maneno hayatatoka tena."

"Yasipotoka nitajua ulikuwa unaongea na nani."

Alirudisha bisibisi mezani. Kisha akasema fanya, shingo upande.

Nikafanya. Nilifuta matoleo yote, yale ya mpenzi, ya dada na ya mwenzangu, nikaacha toleo la mwisho la kila ukurasa, na nikauambia mfumo kuanzia sasa utunze machache tu. Nikapanga rafu upya. Mwisho nikaenda kwenye orodha ya watumiaji, nikamchagua Mama Bobini, nikabofya Ondoa. Mfumo ukaniuliza swali ambalo huwauliza wote: yaliyoandikwa na mtumiaji huyu, yafutwe pamoja naye, au apewe mwingine? Nikaandika: Fundi. Ukamaliza kabla sijavuta pumzi. Nikafungua ukurasa wa sindano, ukaja wote mara moja, picha na maneno, na chini yake: Imeandikwa na Fundi.

Wifi alikuja kabla wiki haijaisha. "Wifi, umeipa nini hii tovuti? Mimi nikigusa tu imefika." Nikavimba kichwa kidogo, nilikuwa na haki. Halafu akaongeza, "Ila nyie watu. Kumbe ni kaka yangu anaandika? Mimi nilidhani bado mnamlipa yule aandike. Kwenye kundi letu leo hakuna kazi inayofanyika."

Hakika haikufanyika. Maagizo yalirudi, na pamoja nayo yakaja maoni. Fundi, kumbe ni mwanaume? Fundi, wanaume wa kumwambia mtu apumzike bado wapo? Fundi, mkeo ana bahati. Mkeo ana raha. Tunaomba na sisi mdogo wako. Mmoja aliandika kwamba cherehani yake haina tatizo lolote ila anaomba ushauri hivyo hivyo. Kila maoni lazima niyaidhinishe mimi kabla hayajaonekana, kwa hiyo nilikuwa nakaa pale nikibofya Idhinisha, Idhinisha, huku nikiuma meno. Nilimwondoa mwanamke mmoja dukani, wakaja mia. Fundi mwenyewe alikuwa hasomi. Aliniuliza tu, siku moja, wakati anapita na ndoo ya vyuma, "Wanasemaje?"

"Wanasema inafunguka haraka."

"Mm."

Msimu ukiwa umepamba moto, kati ya maagizo na utani, yakaja maoni kwenye ukurasa wa uzi. Jina la mtumaji sikulijua. Lilikuwa la duka la nguo la mji mwingine. Nikaanza kuyasoma kwa jicho moja, mkono uko tayari kwenye Idhinisha.

"Kumbe ni wewe. Nilipoondoka niliona kurasa zinaendelea kuandikwa kwa jina langu, na baadaye ulipooa nikadhani ni mke wako mpya. Nilijua si mimi. Na wewe sikukufikiria kabisa, maana nilikaa nawe na sikusikia neno kama haya. Nilimwonea wivu huyo mwanamke vibaya sana. Nilisema, amepata duka, amepata mume, na ana maneno ya kuwasemesha watu kwa jina langu vizuri kuliko mimi. Kila ukurasa ukitoka nilisoma nijue mnaishi vipi. Huu wa uzi niliusoma nikajua mmegombana na mmepatana. Nililia siku ile, kwa sababu mimi nilipogombana nawe nilifungasha nguo. Msalimie. Mwambie nilimkosea kwa kumchukia, maana nikikujua, hata yeye hakuambiwa."

Niliyasoma mara moja. Kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha, nayo ilikuwa furaha mbaya: alinionea wivu. Yeye, mimi. Nilitaka kumwita wifi, nilitaka kuyachapa niyabandike kwenye kabati ya vioo. Ilidumu kitambo kifupi tu. Halafu nikarudi kwenye lile neno la mwisho, na nikajikuta nimeketi mahali pamoja na yule mwanamke, kila mmoja kwenye kioo chake, tunasoma kitu ambacho hakuna kati yetu aliyeandikiwa.

Mbele yangu kulikuwa na vitufe vitatu: Idhinisha, Takataka, Futa. Hakuna ambaye angejua. Mimi ndiye msafishaji, na ningeweza kusema yalipita na takataka nyingine.

"Fundi," nikaita. "Njoo hapa."

Alikuja anajifuta mikono. Nikainuka kumpisha kitini, na hilo sikuwahi kulifanya. Kiti hicho ni changu. Alisoma midomo ikicheza. Nilimwangalia usoni wakati wote. Nilikuwa natafuta kitu, na nikimkuta nacho sijui ningefanya nini. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Nimjibu?" akaniuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Nisipokuuliza wewe nimwulize nani?" Hiyo ilikuwa sentensi ndefu kwa mtu kama yeye, na ilikuwa ni yangu. Akaniangalia. "Ungetaka niseme nini?"

"Ningetaka usiniulize."

Akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu aliyeelewa, ingawa sidhani kama alielewa, au labda alielewa kuliko mimi. Kisha akavuta kibodi karibu. Mlango wa mbele ukafunguka, akaingia mteja anataka mkanda wa pedali, nikaenda kumhudumia. Nilimhudumia vizuri sana. Nilimwonyesha mikanda yote tuliyonayo, hata isiyofaa mashine yake, nikamweleza tofauti zake, na nyuma yangu vidole vya mume wangu viligonga, vikasimama, vikagonga. Mteja alipoondoka akaja mwingine, na baada yake mwingine. Fundi alipoinuka kwenye kiti changu hakusema kitu. Alinigusa bega akipita, akarudi nyuma kwa mashine zake, na mimi nikaidhinisha barua ya yule mwanamke na jibu la mume wangu bila kusoma kilichoandikwa chini ya jina.

Jibu lipo pale hadi sasa. Wateja wamelisoma, kwa jinsi wanavyoniangalia wakija dukani. Wifi amelisoma, alinijia macho mekundu, akanishika mkono juu ya kaunta, akaniambia, "Wifi, kalisome, limekutaja." Nikamwambia nitalisoma nikipata nafasi. Amekuja mara nyingi tangu siku ile na kila mara ananiuliza, na mimi kila mara nina vifurushi vya kufunga. Na tovuti yenyewe siku hizi inafunguka papo hapo, hata kisingizio cha kungoja sina.